Mgonjwa Akizidiwa, Uliza: Kazi ya Muuguzi kwa Mgonjwa Mahututi na Maelezo Unayostahili Kupewa

Kuna milango miwili hospitalini ambayo familia nyingi huifikia bila kujiandaa. Wa kwanza ni mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi, yaani ICU, ambako jamaa yako amelala katikati ya mipira na mashine, wala hawezi kukujibu. Wa pili ni mlango wa ofisi ambamo mnaelezwa kuwa ugonjwa hauwezi tena kuponywa. Wengi hutoka kwenye milango hiyo wakiwa wamesikia maneno mengi na kuelewa machache.

Makala haya yanawaeleza wakazi mambo ambayo muuguzi anayajua kuhusu mgonjwa wa aina hiyo, jinsi anavyopaswa kuyaeleza, na maswali ambayo familia ina haki ya kuuliza. Ujumbe mkuu ni kwamba maelezo ni sehemu ya matibabu. Familia isiyoelewa hali ya mgonjwa wake inaweza kukataa dawa ambayo ingemwondolea maumivu, au ikauza ng'ombe na shamba kutafuta tiba ya ahadi, huku siku zinapita na mzee hajapata nafasi ya kusema la moyoni.

Muuguzi hufanya nini ICU?

Daktari hupita kwa raundi, hupima na kuamua matibabu. Anayekaa na mgonjwa usiku na mchana, kwa zamu, ni muuguzi. Viwango vya huduma ya ICU hulenga muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumua, kwa sababu hali inaweza kubadilika kwa dakika chache.

Muuguzi huandika kwenye chati mapigo ya moyo, presha, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, joto la mwili na kiasi cha mkojo. Huinua kichwa cha kitanda kwa nyuzi 30 hadi 45 ili kupunguza hatari ya nimonia. Humsafisha kinywa, humnyonya makohozi kwa mpira, na kumgeuza mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya kulalia. Ukiambiwa usubiri nje kidogo, mara nyingi ni kwa sababu ya kazi hizi. Mgonjwa anastahili sitara hata akiwa hana fahamu.

Yapo mambo manne yanayoishtua familia inapoingia kwa mara ya kwanza:

Hazungumzi. Mpira wa kupumulia hupita mdomoni na katikati ya nyuzi za sauti, kwa hivyo hata aliye macho hawezi kutoa sauti. Muulize maswali ya ndiyo au la, akubane mkono au afumbe macho. Kama anajua kusoma, ubao wenye herufi au picha husaidia.

Mikono imefungwa. Wakati mwingine hufungwa kwa kitambaa laini ili asiung'oe mpira. Muuguzi anapaswa kukueleza sababu, na jambo hilo liangaliwe upya mara kwa mara. Ukiukuta mkono umefungwa na hujaelezwa, uliza.

Kengele zinalia. Si kila mlio ni hatari. Kifaa cha oksijeni kikichomoka kidoleni, mashine hulia. Mtazame muuguzi kabla ya kuitazama mashine.

Anachanganyikiwa. Mgonjwa mahututi anaweza kuona vitu ambavyo havipo, kuwasahau watu wake au kutaka kutoroka kitandani. Kuna familia hudhani ni pepo au amerogwa. Hali hii husababishwa na ugonjwa wenyewe, dawa na kukosa usingizi. Mtajie jina lake, siku ya leo na mahali alipo. Mletee miwani yake au kifaa chake cha kusikia. Baadhi ya waliopona husimulia kwamba walisikia sauti za watu wao, kwa hivyo zungumza naye kama anayekusikia, na usijadili bili ya hospitali wala mazishi kando ya kitanda chake.

Namba mnayotajiwa ina maana gani?

Familia nyingi huambiwa, "GCS yake ni 6," kisha mazungumzo yakaishia hapo. Kipimo hiki, ambacho kilichapishwa mwaka wa 1974 na madaktari wa mji wa Glasgow huko Scotland, hupima fahamu kwa njia tatu: kufungua macho (alama 1 hadi 4), kuzungumza (1 hadi 5) na kusogeza viungo (1 hadi 6). Alama ya juu kabisa ni 15, ambayo ni ya mtu aliye na fahamu kamili. Ya chini kabisa ni 3, wala si sufuri. Alama 8 au chini yake humaanisha fahamu zimepungua sana, na mara nyingi mgonjwa huhitaji kusaidiwa kulinda njia yake ya hewa.

Namba hiyo peke yake haitabiri kama mtu atapona. Mwenye mpira mdomoni hawezi kupimwa sehemu ya kuzungumza, na dawa za usingizi hushusha alama. La maana zaidi ni mwelekeo. Badala ya kuuliza "ni ngapi leo?", uliza, "Ukilinganisha na juzi, anapanda au anashuka? Na dawa za usingizi bado anapewa?"

Maumivu ya asiyeweza kuyasema

Mgonjwa anayezungumza huulizwa akadirie maumivu yake kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu na 10 ni makali kuliko yote. Mtoto huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia ile inayotabasamu hadi inayolia. Mzee asiyependa namba anaweza kuulizwa kwa vidole vya mkono mmoja, kutoka ngumi hadi vidole vitano.

Kwa asiyeweza kusema, muuguzi husoma mwili. Kipimo kimoja kinachotumiwa katika ICU huangalia mambo manne: uso umekunjamana au la, mwili unasogea vipi, misuli imekazana kiasi gani, na kama anapumua sambamba na mashine au anapambana nayo. Kila kipengele hupewa 0 hadi 2, na jumla ya juu ni 8. Mapigo ya moyo na presha havitoshi kueleza maumivu, kwa kuwa hupanda kwa sababu nyingine pia.

Hapa familia ina ujuzi ambao muuguzi hana. Ninyi ndio mnaojua kwamba mama akiumwa hunyamaza kabisa, au kwamba baba huuma mdomo wa chini. Mwambieni muuguzi. Katika jamii zetu wengi hulelewa kuamini kwamba mtu mzima halii na kwamba kuvumilia ni heshima. Lakini maumivu yasiyosemwa ni vigumu kutibiwa, na mgonjwa anayeumwa hapumui vizuri, halali na hawezi hata kukohoa kutoa makohozi. Kusema kwamba unaumwa si kumsumbua muuguzi.

Maneno yanayopotosha

Kiswahili chetu kina adabu ya kuzunguka mambo mazito. Adabu hiyo hufaa msibani, ila wodini inaweza kuleta balaa. Muuguzi akisema kwenye simu, "Mzee tumempumzisha," akimaanisha amepewa dawa ya usingizi, kuna watakaoanza kulia, kwa sababu kwetu kupumzika pia ni kufa. Akisema "ametulia", akimaanisha kwamba presha haijabadilika, familia itasikia kwamba amepata nafuu na kuanza kupanga usafiri wa kumrudisha nyumbani. Majibu yakiitwa "chanya", yupo atakayeshukuru Mungu, kumbe kipimo kimeonyesha ugonjwa upo.

Maneno ya hatari zaidi ni "hakuna tena la kufanya". Hata pale ambapo dawa ya kuponya haipo, kuna la kufanya kuhusu maumivu, kichefuchefu, vidonda, hofu na kupumua kwa shida. Ukiambiwa maneno hayo, uliza papo hapo: "Hakuna la kufanya kuhusu ugonjwa, au hakuna la kufanya kuhusu mateso yake?" Hayo ni maswali mawili tofauti.

Kinga rahisi ya kutoelewana ni kurudia ulichoambiwa kwa maneno yako. "Sista, nimeelewa kwamba figo zimeacha kufanya kazi, na mtajaribu kumsafisha damu kwa siku tatu kisha mtuambie. Ndivyo?" Wauguzi pia hufundishwa kumwomba msikilizaji arudie. Usione kwamba unafanyiwa mtihani. Anayepimwa hapo ni mweleza, kama ameeleweka.

Habari nzito hutolewaje?

Kutoa habari mbaya ni ujuzi unaofundishwa. Mwongozo mmoja unaotumika katika nchi nyingi, uliochapishwa mwaka wa 2000 na madaktari wa saratani, una hatua sita: kutafuta mahali pa faragha, kujua msikilizaji anafahamu nini tayari, kuuliza kama yuko tayari kuelezwa, kueleza kwa maneno mepesi na kidogo kidogo, kupokea hisia zake, na kupanga hatua inayofuata. Jibu la vipimo hutolewa na daktari. Muuguzi huwa karibu, na mara nyingi ndiye hubaki kufafanua wakati familia imepigwa na butwaa. Mazungumzo mazuri yanaweza kuwa hivi:

"Mama, daktari alizungumza nawe asubuhi. Kabla sijaongeza neno, niambie wewe ulielewa nini."

"Alisema ini limevimba, sista. Akataja mambo mengine, nikashindwa kuuliza."

"Ndiyo, ini limevimba. Kuna mengine ambayo si mazuri. Ungependa nikueleze sasa, au tumngoje mwanao?"

"Nieleze tu. Yuko njiani."

"Pole, mama. Ule uvimbe ni saratani, na imeenea. Hatuna dawa ya kuiondoa kabisa. Lakini haya maumivu yanayomnyima usingizi tunaweza kuyatuliza, na hatutamwacha."

Baada ya hapo muuguzi hunyamaza. Ukimya huo una kazi yake, maana mtu aliyetoka kusikia habari kama hiyo hawezi kupokea maelezo ya dozi na tarehe za kliniki kwa wakati mmoja. Kama hukupata nafasi ya namna hii na mkaelezwa mkiwa mmesimama kwenye ujia, mna haki ya kuomba kuketi na kuelezwa tena.

Kama mgonjwa hafahamu Kiswahili wala Kiingereza, ombeni mfanyakazi wa hospitali anayejua lugha yake. Mtoto asifanywe mkalimani wa habari za kifo cha mzazi wake.

Mzee aambiwe, au afichwe?

Hili huzigawanya familia nyingi. Watoto humwendea muuguzi kisirisiri: "Usimwambie baba, atakufa kwa mawazo." Nia yao ni njema. Lakini mwili ni wa baba, na mara nyingi anajua tayari kwamba kuna jambo. Akiwaona watu wananong'ona, hubaki na hofu yake peke yake. Tena asiyejua hali yake hawezi kuacha wosia, kulipa au kudai deni, kuonyesha mipaka ya shamba wala kumwita ndugu waliyekosana. Kesi ya ardhi inaweza kuanza na mzee ambaye hakuambiwa mapema.

Muuguzi mwenye ujuzi hamlazimishi mtu kusikia. Humuuliza mwenyewe: "Mzee, kuna wanaopenda kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wao, na kuna wanaotaka aelezwe mtoto au mke. Wewe ungependa vipi?" Jibu lake ndilo hufuatwa. Akisema, "Ongeeni na mwanangu," hiyo nayo ni haki yake.

Tiba shufaa haimaanishi kukata tamaa

Tiba shufaa ni huduma ya kutuliza maumivu na mateso mengine ya mgonjwa aliye na ugonjwa mzito, pamoja na kuisaidia familia yake. Si ya saratani pekee. Huwafaa pia wenye ugonjwa wa figo, moyo au ini uliofika mbali, Ukimwi, kiharusi, selimundu, na watoto waliozaliwa na maradhi makubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema na kwenda sambamba na matibabu ya kawaida. Mtu anaweza kupokea dawa za saratani asubuhi na kuonwa na muuguzi wa tiba shufaa mchana. Hata aliye ICU anaweza kuhudumiwa.

Msingi wa huduma hii ya kisasa uliwekwa na mtu aliyeanza kama muuguzi. Cicely Saunders wa Uingereza alisomea uuguzi, kisha ustawi wa jamii, halafu udaktari, na mwaka wa 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa huyu yana pande nne: mwili, akili, jamii na roho. Mama anayeumwa tumbo na kuwaza karo ya watoto ana maumivu mawili, na dawa hutuliza moja tu. Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka wa 1990, na baadaye hospisi nyingine na vitengo vya tiba shufaa vikaanzishwa katika hospitali za umma. Mwaka wa 2014 Kenya na nchi nyingine wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuiweka tiba shufaa ndani ya mifumo yao ya afya, na sasa taifa lina Sera ya Tiba Shufaa ya 2021 hadi 2030.

Morfini: hofu na ukweli

Tangu mwaka wa 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kutibu maumivu ya saratani kwa ngazi: kwanza dawa kama parasetamoli, kisha kodeini au nyingine ya kiwango hicho, na maumivu makali hupewa morfini. Morfini ya kunywa ni dawa ya maji ambayo mgonjwa anaweza kuitumia nyumbani. Hata hivyo hofu huwafanya wengine kuiacha kabatini.

"Atakuwa mraibu." Anayepewa morfini kwa maumivu makali, kwa dozi iliyopangwa na kufuatiliwa, ni nadra kuwa mraibu. Mwili unaweza kuizoea, na ndiyo sababu haikatizwi ghafla. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo.

"Itamuua haraka." Dozi sahihi, iliyoanza chini na kupandishwa kwa uangalifu, haiharakishi kifo. Huweza hata kupunguza adha ya kukosa pumzi.

"Tumngojee azidiwe kwanza." Maumivu yanayotibiwa kabla hayajakomaa hutulia kwa dozi ndogo. Morfini ya maji kwa kawaida hupewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kungoja mgonjwa apige kelele.

Siku chache za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia au kuhisi kichefuchefu. Mara nyingi hali hizi hupungua zenyewe. Kufunga choo hakupungui, kwa hivyo ulizia dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo unayopewa morfini. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kipimo ulichopewa, wala si kijiko cha jikoni. Nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa. Soma lebo, usikisie kwa rangi. Mwenye ugonjwa wa figo huhitaji dozi ya pekee. Ifungie mbali na watoto na usimgawie mtu mwingine. Mgonjwa akilala kiasi cha kutoamka ukimwita, au akipumua polepole mno, usimpe dozi inayofuata na utafute msaada mara moja.

Mkiwa nyumbani: simu ya hatua nne

Wauguzi wanapobadilishana zamu au kumpigia daktari, hutumia mpangilio wa hatua nne ili wasisahau jambo. Familia inaweza kuutumia vilevile inapopigia simu kituo cha afya au mhamasishaji wa afya ya jamii:

1. Hali ya sasa: "Mama ametapika mara tano tangu asubuhi."
2. Historia: "Ana saratani ya kizazi, yuko kwenye morfini tangu Jumatatu."
3. Unachoona: "Amekauka mdomo, mkojo ni kidogo, lakini ananijibu."
4. Unachoomba: "Tumlete, au kuna dawa tunayoweza kumpa?"

Andika nambari ya simu ya wodi au kliniki kabla ya kuondoka hospitalini. Uliza pia ni nani wa kupigiwa usiku.

Siku za mwisho

Mwili unapokaribia mwisho, mtu hula kidogo au hakosi usingizi, bali hulala muda mrefu. Mikono na miguu hupoa. Kupumua huwa kwa vipindi, na huenda ukasikia mkoromo kooni. Familia nyingi humlazimisha uji zikiogopa kwamba anakufa kwa njaa. Wakati huo mwili hauhitaji tena chakula kama zamani, na uji unaweza kuingia mapafuni. Mlowanishe midomo kwa kitambaa safi chenye maji. Mlaze ubavu kidogo ili mkoromo upungue. Mshike mkono na uendelee kumsemesha.

Mapema, mwambieni muuguzi mnalotaka kwa upande wa imani: kuitwa kwa imamu, padri au mchungaji, dua au sala kando ya kitanda, namna mwili utakavyosetiriwa na ni nani atauosha. Muuguzi hawezi kuzijua desturi za kila familia, ila anaweza kuzitimiza nyingi akiambiwa kabla.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, manufaa, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa matibabu. Ila ipo nafasi finyu ya kutomweleza hali yake pale ambapo kuna ushahidi mkubwa kwamba kufanya hivyo kutamdhuru. Inapowezekana, maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu.

Sheria hiyo pia inamruhusu mtu kumteua kwa maandishi atakayekubali matibabu kwa niaba yake akishindwa kufanya hivyo mwenyewe. Asipomteua mtu, jamaa wa karibu huombwa idhini. Karatasi moja iliyoandikwa mapema inaweza kuzuia ndugu kuzozana mlangoni pa ICU. Na muuguzi akikataa kutoa habari za mgonjwa kwa kila anayepiga simu, msimwone ana kiburi. Siri hiyo inalindwa kisheria. Chagueni msemaji mmoja wa familia na mpeane jina lake wodini.

Kuhusu gharama, hakikisheni kila mtu nyumbani amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kwa kusaidiwa kituoni. Sheria ya mwaka 2023 iliunda pia Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Magonjwa Mahututi. Ulizeni afisa wa SHA hospitalini mapema ni huduma zipi zinalipiwa na kwa kiasi gani, kabla bili haijapanda.

Maswali saba ya kubeba

Kata ukurasa huu au uyaandike kwenye daftari:

1. Ugonjwa unaitwaje, na umefika wapi?
2. Matibabu haya yanalenga kuponya, kurefusha maisha, au kutuliza?
3. Tukilinganisha na juzi, hali inapanda au inashuka?
4. Ana maumivu? Mnayapima vipi na mnampa nini?
5. Mtajaribu matibabu haya kwa muda gani kabla hatujaketi tena kuzungumza?
6. Muuguzi wa tiba shufaa anaweza kumwona hata sasa?
7. Tukienda nyumbani, tumpigie nani usiku?

Ikiwa hukujibiwa, mwendee muuguzi msimamizi wa wodi, kisha dawati la huduma kwa wateja la hospitali. Uliza kwa heshima, andika unachojibiwa, na ukirudi nyumbani waeleze wengine. Muuguzi anayeulizwa maswali ya wazi huweza kumtunza mgonjwa wako vizuri zaidi, kwa kuwa sasa mnashika pande mbili za mzigo mmoja.